Hujalala Majini, Usikimbie Majini

Hujalala majini, usikimbie majini. Ndivyo mwalimu wenu wa kwaya alivyowaambia jana, mlipomwomba awaandikishe kwenye mashindano ya jimbo na hali nota zenyewe bado mnazisoma kwa kubahatisha. Wengine mmecheka, wengine mmenuna, na leo mmekuja kuniuliza: "Bibi Eufrasia, msemo huu umetoka wapi? Nani alilala majini?"

Mmefanya vyema kuja kwangu. Watu wengi hapa hudhani ni maneno ya wahenga. Si ya wahenga. Aliyeyasema nilimfahamu, na siku aliyoyasema nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, nimenyamaza. Kaeni niwasimulie yalikoanzia.

Wakati huo nilikuwa msichana wa miaka ishirini. Nilikuwa nikikaa katika shamba la mkonge la Mgude pamoja na mdogo wangu Kazimiri, aliyekuwa na miaka kumi na minane. Baba yetu alitoka Ungoni kuja kukata mkonge, akafia pale pale shambani. Mama alikuwa amemtangulia. Chumba chetu kambini kilikuwa cha mfanyakazi. Asiye na kazi hakuwa na chumba. Kwa hiyo siku ya nne baada ya matanga Kazimiri alichukua panga la baba, akaingia shambani, ili sisi wawili tusitolewe nje. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nikawa nafua nguo za makarani na kumpikia yeye.

Shamba lile zamani lilikuwa la Mgiriki mmoja. Serikali ilipoyachukua mashamba, Mgiriki akaondoka, akaacha nyumba kubwa na nyuma yake bwawa la kuogelea, refu la mita ishirini na tano, lenye vigae vya buluu. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukilichungulia kupitia ua wa michongoma mpaka tufukuzwe. Baada ya Mgiriki kuondoka, bwawa lilibaki na maji ya kijani na vyura.

Basi akaja katibu wa michezo wa shamba, Bwana Kisoma, kijana mchangamfu asiyeweza kukaa kitako. Alisema mali hii sasa ni yetu, na si haki vyura peke yao waifaidi. Watu wa shamba la jirani nao walikuwa na bwawa na timu yao ya kuogelea. Bwana Kisoma akawaandikia barua kuwaalika washindane nasi siku ya Mei Mosi. Kisha akatangaza mbele ya korona, yaani kiwanda cha kusaga mkonge, kwamba atakayekuwa wa kwanza siku hiyo ataombewa nafasi karakana, akajifunze ufundi wa mitambo. Ilikuwa mwezi wa Januari.

Wa kutufundisha alikuwa mmoja tu, Mzee Mwinjuma, aliyesafisha bwawa lile miaka kumi na minane. Alikuwa mtu mfupi, mwenye kipara, na miguu iliyopinda kidogo. Alizaliwa kijiji kimoja kusini ya Pangani, akajua kuogelea kabla hajaota meno ya pili. Kusoma na kuandika hakuwahi kujua. Lakini miaka ile yote, akizoa majani na kusugua vigae, alikuwa akimtazama mama mmoja wa Kizungu aliyekuja kila likizo kufundisha watoto wa wenye mashamba. Aliona anaanza na nini, anafuatisha nini, anamalizia na nini. Akayaweka yote kichwani.

Bwawa likasafishwa, likajazwa maji mapya, na siku ya kwanza tulikwenda vijana kama thelathini. Kila mmoja alidhani ataruka majini na kurusha mikono. Mzee Mwinjuma akatuketisha ukingoni, miguu ndani ya maji.

"Leo tunanawa uso," akasema.

Tukanawa uso. Siku ya pili tukatia uso majini na kupuliza mapovu. Juma zima tulipuliza mapovu, na watu waliosimama penye ua wakatucheka mpaka mbavu zikawauma. Juma lililofuata tulishika ukingo tukapiga miguu. Vijana wakaanza kupungua. Walisema hawakuja kucheza michezo ya watoto wachanga.

Kisha akatufundisha kulala. Ndivyo alivyokuwa akiita. Ulijilaza chali juu ya maji, masikio yakazama, kidevu kikatazama juu, mikono ukaitandaza, ukatulia.

"Usipigane nayo," alikuwa akituambia. "Inua tumbo. Lioneshe jua kitovu chako. Maji hayana kinyongo na mtu, wewe tu ndiye unayeyaogopa."

Mimi nilikuwa wa kwanza kulala. Sijui kwa nini. Pengine kwa sababu nilikuwa nimechoka sana siku hiyo, nimefua tangu alfajiri. Nilijiachia, na maji yakanibeba. Nilisikia mapigo ya moyo wangu tu. Mbingu ilikuwa nyeupe, na kwa mara ya kwanza tangu baba afe sikuwa nikiwaza kesho tutakula nini. Nilipoinuka nilimkuta Mzee Mwinjuma anatabasamu.

"Umeona?" akasema. "Sasa hata ukichoka katikati, unapo pa kupumzikia."

Tulibaki kumi na wawili, wasichana wanne miongoni mwetu, tukivaa kaptula za kaka zetu na blauzi kuukuu. Baada ya kulala alitufundisha mikono, kwanza mkono wa chura, kisha mkono wa kasia. Akatuonesha namna ya kugeuza mdomo pembeni na kuvuta pumzi bila kuinua kichwa chote. Kwa kuwa nilijua kuandika, nilikuwa nashika daftari lake. Humo niliandika nani kahudhuria, nani kajua nini. Na alikuwa na sharti moja. Hakuna jina litakaloingia kwenye timu mpaka mwenye jina amelala upande wenye kina kirefu, bila kushika chochote, hadi ahesabiwe mia.

Kazimiri hakuwepo miezi hiyo yote. Alikuwa kijana wa mabega, mkata mkonge hodari, na alitucheka kama wengine. Lakini mwaka uliotangulia mwiba wa mkonge ulimchoma jicho la kushoto. Lilipona, ila lilibaki na ukungu, na tangu hapo alikuwa akiingia shambani na hofu. Mwezi wa Machi alinijia jikoni akakaa kwenye kigoda.

"Dada," akasema, "nitakata majani haya mpaka yanitoboe na jicho la pili? Nataka karakana. Nataka kuingia timu yenu."

Nilifurahi. Nilimpeleka kwa Mzee Mwinjuma siku ile ile. Mzee akamwambia akae ukingoni anawe uso.

Alivumilia siku mbili. Siku ya tatu aliinuka kwa hasira, akasema mwezi mmoja na nusu hautoshi kupuliza mapovu, akarukia upande ule tulipokuwa tukishindana. Hakuwa na mkono wa chura wala wa kasia. Alijaza pumzi kifuani, akakaza shingo, akayapiga maji kama anayefyeka pori. Lakini mwili wake ulikuwa na nguvu za ajabu. Alivuka bwawa mara moja, akadandia ukingo upande wa pili, mbele yetu sote.

Bwana Kisoma alikuwa pale na saa yake mkononi. Karibu aanguke majini kwa furaha.

"Mzee! Huyu ndiye! Umemwona?"

"Nimemwona," Mzee Mwinjuma akajibu. "Anapigana. Bado hajalala."

"Ah, Mzee wangu, sisi tunakwenda kushindana mbio, hatuendi kulala usingizi!"

Mzee hakubishana naye. Aliniambia tu, "Eufrasia, jina la mdogo wako liandike chini kabisa, peke yake. Siku ya kupimwa tutaona."

Siku ya kupimwa ilikuwa katikati ya Aprili. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha, maji yalikuwa baridi. Mzee alianza na wawili watatu, kisha akaitwa mbio, bomba la kupeleka maji kambini limepasuka na fundi hayupo. Akanikabidhi kazi.

"Wahesabu wewe," akasema. "Unajua ninavyohesabu, taratibu. Aliyefika mia, mtilie alama. Asiyefika, mwache, tutamrudia."

Niliwahesabu wote kwa haki. Wa mwisho alikuwa Kazimiri. Wenzetu walikuwa wamekwenda kuota moto, tumebaki wawili tu. Alijilaza. Nilipofika saba miguu yake ilizama, akapapatika, akashika ukingo. Akajaribu tena, nikafika tano. Mara ya tatu alimeza maji, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Kazimiri, tulia," nikamwambia. "Unajikaza. Njoo kesho alfajiri nikufundishe mwenyewe, kabla hujaenda shambani. Siku kumi na mbili zinatosha."

"Alfajiri naingia shambani, Dada, na jioni mikono yangu hainyanyuki. Tia alama tu."

"Siwezi."

"Mbio zenyewe ni za kwenda na kurudi. Nitakwenda, nitarudi, nitashika ukingo. Nitahitaji kulala saa ngapi?" Akaniinulia uso, na maji yalikuwa yakimtiririka kwenye lile jicho lenye ukungu. "Dada. Hakuna anayeona."

Wanangu, mimi sikudanganywa na mtu. Nilijua kabisa ninachokifanya. Nilimtazama lile jicho, nikakumbuka usiku aliolia kwa maumivu nikimkanda kwa maji ya chumvi, nikachukua penseli nikatia alama mbele ya jina lake.

Hata hivyo, nilipata nafasi ya pili ya kusema kweli. Watu wengi hukosea wasipate nafasi ya pili, mimi niliipata. Siku moja kabla ya Mei Mosi, Mzee Mwinjuma alinikuta napanga vikaratasi vya majina. Alikuwa amesimama kwa muda akiwatazama vijana wakijinyoosha.

"Eufrasia," akasema, "huyu mdogo wako kila akimaliza urefu mmoja anadandia ukingo, anahema kama mgonjwa. Na siku zote anaogelea pembeni, mkono haupiti mbali na ukuta. Ni kweli alifika mia?"

"Alifika, Mzee."

"Ulihesabu mwenyewe?"

"Nilihesabu mwenyewe."

Akanitazama kidogo, akaitikia kwa kichwa. "Basi. Neno lako linanitosha."

Siku ya Mei Mosi mvua ilikatika asubuhi na mapema. Watu walijaa, wa kwetu na wa shamba la jirani, wanawake na khanga zao mpya, na ngoma ya Wamakonde ikapigwa mpaka ukingoni. Wasichana tulitangulia. Mimi nilikuwa wa pili, nikapigiwa vigelegele. Kisha wakaitwa wavulana sita, watatu wa kwetu, watatu wa wageni. Wakavuta vikaratasi vya nafasi. Kazimiri akapata katikati, mbali na kuta zote mbili.

Filimbi ilipolia aliruka kama mshale. Alikwenda mbele ya wote, maji yakiruka juu yake, na watu wa Mgude wakapiga kelele, "Kazimiri! Kazimiri!" Alifika upande wenye kina kirefu akiwa wa kwanza, akaugusa ukuta, akageuka papo hapo kwa sababu wageni walikuwa nyuma yake tu. Hakupumzika. Nadhani hakuthubutu.

Alipiga mikono kama minane hivi akirudi. Kisha akasimama.

Watu wanadhani anayezama hupiga kelele. Hapigi. Kazimiri alisimama wima majini, kichwa kimelala nyuma, mdomo ukitoka juu na kurudi chini, mikono ikikandamiza maji pembeni kana kwamba anatafuta meza ya kuegemea. Wageni walimpita. Watu wetu waliendelea kumshangilia, wakidhani anavuta pumzi amalizie. Bwana Kisoma alikuwa akipiga makofi, "Maliza, maliza!" Mimi nilijua. Katika umati wote ule tulikuwa wawili tu tuliojua, Kazimiri na mimi. Na mimi, aliyeogelea vizuri kuliko wengi waliokuwa pale, miguu yangu iliganda. Nilipaza sauti, "Mzee! Hajui kulala!"

Mzee Mwinjuma alikwisha ruka, na kaptula yake ya kaki na kofia kichwani. Alizama, akakawia, ngoma ikanyamaza. Akaibuka akiwa chali, na Kazimiri amemlaza juu ya kifua chake, akamvuta hivyo hivyo mpaka ukingoni. Walimpindua, wakamkamua maji. Alikuwa na rangi ya majivu. Ilichukua muda ambao sitaki kuusimulia mpaka akakohoa.

Hakufa. Lakini aliugua homa ya mapafu, akalala hospitali majuma sita, na kifua chake hakikurudi kuwa kile. Panga hakulishika tena.

Jumatatu yake meneja wa shamba alituita sote ukumbini kwenye nyumba ile kubwa. Wafanyakazi wengi walikuja kusikiliza, wakasimama madirishani. Bwana Kisoma alikuwa mtu wa kwanza kusema, na akasema kweli yake: kwamba yeye si mwogeleaji, kwamba alimtegemea mwalimu, na kwamba katika daftari kijana ameandikwa amefuzu.

Meneja akalifungua daftari. "Nani alimpima kijana huyu?"

Daftari lilikuwa kwa mwandiko wangu, lakini mwandiko ulikuwa wangu tangu ukurasa wa kwanza, kwa hiyo haukumwambia kitu. Mzee Mwinjuma alikuwa mbele yangu, kofia mkononi. Hakugeuka. Nilingoja ageuke. Nilijiambia, akinitazama tu nitasema.

"Daftari ni langu, Bwana Meneja," akasema. "Alama zote zilizomo ni zangu."

"Sasa miezi minne yote ulikuwa unawafundisha nini? Naambiwa ulikuwa unawafundisha kulala!"

Watu madirishani wakacheka. Mzee akangoja mpaka wamalize.

"Ndiyo, Bwana Meneja. Kulala. Mwenye kujua kulala, akichoka atajilaza, apumzike, aendelee. Asiyejua kulala, akichoka ndiyo basi. Kwetu mtoto hatumruhusu kushindana na wenziwe mpaka tumeona hilo. Hujalala majini, usikimbie majini. Kijana yule alikimbia kabla hajalala, na mimi nilimruhusu. Kosa ni langu."

Meneja hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na barua za kuandika na wakubwa wa kuwajibu. Alimwachisha kazi Mzee Mwinjuma kuanzia siku ile, akampa siku tatu za kuondoka. Akaamuru na bwawa likaushwe.

Siku tatu, wanangu. Siku ya kwanza nilisema, nitakwenda kwa meneja kesho, leo niko hospitali na Kazimiri. Siku ya pili nilifika mpaka kwenye ngazi za ofisi, karani akaniuliza nina shida gani, nikasema sina. Siku ya tatu nilikwenda kwa Mzee mwenyewe. Alikuwa anafunga virago vyake kwa kamba ya katani.

"Mzee," nikasema, "ile alama—"

"Najua." Aliendelea kufunga. "Nilijua tangu alipozama. Aliyelala mpaka mia hazami vile."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Kazimiri akitoka hospitali atarudi wapi? Si chumbani kwenu? Ningekutaja, wangekutoeni wote wawili. Mimi nina kwetu. Nyie hamna."

Nikaanza kulia. Nikamwambia nitakwenda sasa hivi kwa meneja, nitasema yote. Akakaa juu ya mzigo wake, akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Kama ungetaka kwenda, mwanangu, ungekwisha kwenda. Sikulaumu. Lakini nikuambie kitu. Kazi haikuniuma. Ile alama nayo haikuniuma sana. Mtu na mdogo wake. Kilichoniuma ni pale nilipokuuliza. Nilikuuliza kwa sababu nilikuwa na shaka, na shaka yangu niliitupa kwa ajili ya neno lako."

Akajitwika mzigo, akashika njia ya kwenda stesheni. Sikumsindikiza. Niliona aibu kuonekana naye.

Kazimiri alipopona walimpa kazi ya kufagia korona. Karakana hakuiona. Hakunilaumu hata siku moja, na mimi sikumlaumu, lakini tulianza kuzungumza kwa uangalifu, kama watu wawili waliokaa chumba kimoja kwa bahati tu. Bwawa likakauka, vigae vikapasuka, watoto wakawa wanachezea mpira ndani yake. Mimi sikuogelea tena.

Maneno ya Mzee Mwinjuma ndiyo yaliyobaki. Mwanzoni watu waliyasema kwa kumkebehi. Mtu akisinzia kazini, wenziwe humwambia, "Lala, lala, kesho ukimbie majini." Lakini kadiri siku zilivyopita kebehi ilipungua. Mkataji mgeni akitaka kazi ya watu wawili siku ya kwanza, wazee humwambia, "Hujalala majini, usikimbie majini." Kijana akitaka kuoa na hata godoro hana, humwambia hivyo hivyo. Watu wa mashambani hutoka kila pembe ya nchi na hurudi kila pembe, nao wakaondoka na maneno yale. Siku moja niliyasikia sokoni hapa, kwa mwanamke asiyemjua Mzee Mwinjuma wala hajawahi kuona bwawa.

Miaka tisa baada ya siku ile, nikiwa nimeolewa na nina watoto wawili, niliandika barua kwa meneja wa Mgude. Niliandika kila kitu. Ikarudi jibu la mistari mitatu: meneja yule alihamishwa zamani, mafaili ya michezo hayapo, na shamba halina kumbukumbu ya mfanyakazi huyo. Ukweli wangu ulifika mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kuupokea.

Ndipo nikafunga safari kwenda Pangani. Niliuliza, nikaelekezwa, nikafika kijijini kwao saa za adhuhuri. Nilimkuta binti yake, mwanamke wa makamo aitwaye Mwanaidi, anapepeta mchele mlangoni. Aliniambia baba yake alifariki mwaka mmoja na nusu uliopita.

Nilimweleza yote. Sikujificha katika neno hata moja. Aliacha kupepeta, akanisikiliza mpaka mwisho. Kumbe hawakujua kuwa alifukuzwa. Aliwaambia kwamba amechoka tu, uzee umemwingia.

Mwanaidi akaniuliza, kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: "Kwa hiyo ndiyo maana?"

"Maana ya nini, dada?"

"Baba alipokuwa kijana ndiye aliyewafundisha kuogelea watoto wa kijiji hiki chote. Mimi mwenyewe alinifundisha. Aliporudi kutoka huko kwenu, wazazi walimletea watoto, akawakataa. Aliwaambia yeye si wa kuaminiwa na mtoto wa mtu. Hata wajukuu zake hakuwatia majini. Wanangu watatu wamezaliwa hapa, bahari hiyo hapo, na hakuna hata mmoja anayejua kuogelea."

Nilimwambia mimi najua. Kwamba alinifundisha yeye, hatua kwa hatua, na ninayakumbuka yote, kuanzia kunawa uso. Nilimwomba aniruhusu nikae juma moja nimfundishie wanawe.

Alinitazama, akainama, akaanza tena kupepeta.

"Hapana, dada," akasema. "Ahsante. Acha tu."

Akanipakulia wali, nikala, akanisindikiza mpaka barabarani. Hakuniambia neno baya, wala hakunikaribisha kurudi.

Sasa mmejua. Watu wakiisema methali hii humfikiria yule aliyekimbia, na ni haki wamfikirie, kwa maana alilipa kwa kifua chake. Mimi nikiisikia humfikiria aliyeshika penseli akaandika kwamba mwenziwe amelala, na hali alimhesabu akaishia saba. Anayetaka kukimbia mapema huwa na haraka yake, na haraka ni ya ujana. Lakini lazima awepo mtu wa kumwambia bado. Mwalimu wenu amewaambia bado. Msimnunie.

Hujalala majini, usikimbie majini.